Hesabu ya CD4 Yasema Nini, na Haisemi Nini

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wajumbe wa matawi. Inapigwa chapa hapa kwa ombi la wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme juu ya jambo ambalo si mshahara wala si saa za kazi, lakini ambalo hufika mezani kwa katibu wa ustawi kila mwezi. Mfanya kazi huja na kikaratasi cha hospitali. Juu yake pameandikwa 412, au 96, au 730, naye auliza swali moja tu: "Hii yamaanisha nimebakiwa na muda gani?" Wanaouliza hivyo ni wengi kuliko mnavyodhani, na majibu wanayopewa na jirani, na mnyapara, na muuza mitishamba wa sokoni, mengine yamewafikisha watu kaburini mapema. Kwa hivyo leo twataka kueleza polepole hesabu hiyo ni kitu gani, yaweza kutabiri nini, na mahali gani haiwezi.

Sisi si madaktari. Haya tunayoyasema tumeyapata kwa madaktari na katika uchunguzi uliotangazwa, nasi tumeyaweka kwa lugha ya watu wa kazi.

Katika damu ya kila mtu zimo chembe nyekundu, ambazo huchukua hewa, na chembe nyeupe, ambazo hulinda mwili. Hizo nyeupe ni za namna nyingi. Ziko zinazomeza vijidudu, ziko zinazotengeneza silaha za kuvipiga, ziko zinazoua chembe za mwili wenyewe zilizokwisha kuingiliwa na adui. Na iko namna moja ambayo kazi yake kubwa si kupigana bali ni kuziita nyingine. Hiyo ni kama mpiga mbiu wa tawi. Pengine ni mwembamba na sauti imekwaruza, lakini asipopita nyumba kwa nyumba hakuna mkutano. Chembe hizo zina alama juu ya ngozi yake ambayo wataalamu huiita CD4. Mwaka 1984 wataalamu wa Ufaransa na wa Uingereza walionyesha kwamba virusi vya Ukimwi hushika alama hiyo hiyo kama mtu ashikavyo kitasa cha mlango, vikaingia ndani na kuzaana humo. Adui huyu basi haanzi na wenye misuli. Aanza na wapiga mbiu. Watu wa chama twaijua hila hiyo.

Ili kuzihesabu, damu kidogo hutiwa dawa inayong'aa ambayo hushika alama ile ya CD4, kisha chembe hupitishwa moja moja mbele ya mwali wa mwanga, na mashine huhesabu zile zinazowaka, kama karani wa lango ahesabuvyo watu wa zamu wakiingia. Siku hizi iko pia kadi ndogo isiyohitaji mashine, ambayo huonyesha kwa mistari kama hesabu iko chini ya 200 au la. Nambari unayoandikiwa ni ya chembe zilizomo katika milimita moja ya ujazo, yaani tone kama punje ya wimbi. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1500.

Sasa tuje kwenye siku zijazo. Mtu akiambukizwa, katika majuma ya kwanza hesabu huanguka ghafula, halafu hupanda tena lakini haifiki pale ilipokuwa. Tangu hapo, kama hanywi dawa, hushuka pole pole, kwa wastani kama 50 hadi 80 kila mwaka. Yeye mwenyewe hana habari. Anakwenda kazini, anabeba magunia, anacheza mpira Jumapili. Huko Masaka, Uganda, wataalamu waliwafuata watu wa vijijini kwa miaka mingi, tangu zamani ambazo dawa hazijafika, wakaona kwamba nusu yao walifikia hali ya Ukimwi kabla ya miaka 9 na nusu kwisha, na nusu baada yake. Neno "nusu" mlishike vizuri. Wako waliofika baada ya miaka 3, na wako waliopita miaka 12 bila kufika. Basi mtu akikuambia kwamba 400 ni miaka mitano, amekutajia wastani wa watu wengi, na wewe si watu wengi.

Kitu ambacho nambari hii hutabiri vizuri zaidi ni aina ya hatari iliyo karibu. Ikiwa juu ya 500, mwili kwa kawaida hujimudu. Ikishuka chini ya 200, huweza kuingia nimonia ya namna ambayo mtu mwenye afya haipati. Ndiyo sababu mwaka 1993 Idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliamua kwamba aliye na virusi na hesabu yake iko chini ya 200 ahesabiwe kuwa na Ukimwi, hata kama hajaumwa na kitu. Chini ya 100 yaja homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu, ambayo huanza kwa kuumwa kichwa siku nyingi, na mgonjwa humeza vidonge vya dukani akidhani ni jua. Chini ya 50 hata macho huweza kupofuka. Lakini kifua kikuu hakingoji nambari yo yote. Chaweza kumpata aliye na 600, hasa sisi tunaolala watu wanne chumba kimoja chenye dirisha moja. Kwa hivyo mwenye kukohoa aende akapimwe, na asijitetee kwa kikaratasi kizuri.

Tena nambari moja peke yake ni shahidi dhaifu. Hupanda na kushuka ndani ya siku ile ile. Asubuhi huwa chini, jioni juu. Malaria, mafua makali, mimba na dawa nyingine huweza kuishusha. Mtu aliyepimwa 500 Januari akapata 430 Juni haimpasi kuandika wasia, na aliyetoka 300 akapata 360 asichinje mbuzi. Madaktari huanza kusema kuna badiliko la kweli tofauti ikipita kama 30 katika kila 100, tena huomba kipimo cha pili. La maana ni njia ambayo nambari yapita katika vipimo vingi.

Hata ukiijua njia hiyo, bado hujaijua sababu yake. Fikirini matangi mawili ya maji nyuma ya nyumba za wafanya kazi, yote yamejaa hadi nusu. Mtu akipita na fimbo akayapima atasema ni sawa. Lakini tangi moja ladondoka tone kwa tone, na la pili bomba lake limepasuka. Kesho kutwa moja lina maji na la pili ni kavu. Hesabu ya CD4 ni kina cha maji. Ufa ni virusi vyenyewe, na kwa miaka mingi hapakuwa na njia nzuri ya kupima ufa. Kipimo hicho, cha wingi wa virusi katika maji ya damu, kilipatikana katika miaka ya 1990.

Uchunguzi uliowashawishi watu wote ulifanywa na John Mellors wa Pittsburgh, Marekani, pamoja na wenzake, nao ukatangazwa mwaka 1997. Walitoa damu iliyohifadhiwa tangu 1984 na 1985 ya wanaume 1,604 wa miji minne, wakati dawa za maana hazijapatikana, wakapima virusi vilivyokuwamo siku ile, kisha wakatazama yaliyowapata wenye damu. Wale waliokuwa na zaidi ya virusi 30,000 katika mililita moja, kama 70 katika kila 100 walikufa kwa Ukimwi katika miaka 6. Wale waliokuwa na 500 au chini yake, hakufikia hata mmoja katika kila 100. Na ndani ya watu wenye hesabu moja ya CD4, wingi wa virusi uliwagawanya wale wa kufa mapema na wale wa kuishi. Vipimo viwili pamoja vilitabiri vizuri kuliko kimoja. Twawataja wanaume hao kwa heshima. Wengi wao hawakupona, nao walitoa damu wakijua kwamba haitawasaidia wao.

Sasa twaomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wetu wanapoteleza.

Mwaka 1996 zilipatikana dawa za kuchanganya tatu pamoja ambazo huzuia virusi visizaane. Lakini zilikuwa ghali mno. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja kwa mwaka mmoja huko Ulaya na Marekani zilikuwa dola 10,000 au zaidi. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Bara Hindi ilitangaza kwamba yaweza kuziuza kwa dola 350, na mwaka ule ule Bunge la Kenya likapitisha sheria ya mali ya uvumbuzi ambayo ilifungua mlango wa kuleta dawa za bei nafuu kutoka nje. Hata hivyo hazikutosha. Basi hesabu ya CD4 ikawa ndiyo lango. Kwanza alipewa dawa aliye chini ya 200. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema 350, na mwaka 2013 likasema 500. Watu wakakariri nambari hizo kana kwamba ni amri za mwili wa binadamu. Kwa maoni yetu nusu yake ilikuwa elimu ya udaktari na nusu ilikuwa upungufu wa fedha. Aliyerudishwa nyumbani na 210 alifundishwa bila kusemwa kwamba yeye si mgonjwa, na fundisho hilo lingali vichwani mwa watu hata leo.

Laonekana kwa namna hii. Ndugu mmoja, hatumtaji jina wala tawi, alikuwa amekunywa dawa miaka minne. Hesabu yake ilipanda hata 640. Akaona imetosha. Zamu zilikuwa ndefu, kliniki ilikuwa mbali, na kila siku ya kliniki alikatwa mshahara. Akaacha. Hakuumwa mwezi wa kwanza wala wa tatu, na hiyo ilimthibitishia kwamba ana haki. Baada ya miezi kadha wa kadha aliletwa na mkewe kwa teksi, hesabu 110, kifua kikuu pande zote mbili. Twashukuru kwamba yu hai, lakini mkono wake wa kazi haujarudi.

Shauri hilo la ndugu huyu lilikwisha kujaribiwa na wataalamu wenyewe, tena kwa nia njema. Katika uchunguzi ulioitwa SMART walikusanya watu 5,472 wa nchi 33. Nusu waliendelea na dawa bila kukoma. Nusu waliambiwa waache hesabu ikiwa juu ya 350, waanze tena ikishuka chini ya 250. Ilitumainiwa kwamba watapumzishwa na madhara ya dawa. Januari 2006 uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu wale waliokuwa wakiacha na kuanza walikuwa wakiugua magonjwa ya Ukimwi au kufa zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Hata magonjwa ya moyo, figo na ini yalikuwa mengi kwao. Dawa ndizo zilizoziba ufa. Ukiziondoa kwa sababu tangi limejaa, wafungua ufa upya.

Tena mwaka 2015 ulikwisha uchunguzi mwingine, START, wa watu 4,685 katika nchi 35, wote wana hesabu juu ya 500, wote wajiona wazima. Walioanza dawa papo hapo walipata maradhi makubwa au kifo chini ya nusu ya wale waliongoja mpaka 350. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaondoa lango kabisa, na Kenya ikafuata mwaka 2016. Kila aliyeonekana na virusi huanza dawa, iwe hesabu yake ni 50 au 900, na katika hospitali za serikali dawa hizo hazilipiwi. Kwa hivyo mtu ye yote akikuambia ungoje nambari ishuke kwanza, ujue asema maneno ya miaka iliyokwisha pita.

Mtauliza, kama kila mtu hupewa dawa, kwa nini bado tupimwe CD4? Kwa sababu wako wanaokuja wamechelewa. Mfanya kazi huogopa kupimwa, huogopa kuonekana kwenye foleni, akafika na 60. Huyo kupewa dawa za virusi peke yake hakutoshi, maana magonjwa mengine yamekwisha kuingia na kujificha. Uchunguzi uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe, ukatangazwa mwaka 2017, ulichukua watu 1,805 wenye hesabu chini ya 100. Wale waliopewa tangu siku ya kwanza mkusanyo wa dawa za kukinga kifua kikuu, kuvu na vijidudu vingine walikufa 9 katika kila 100 kwa majuma 24, na waliopewa matunzo ya kawaida 12. Watu 3 katika kila 100, ndugu zangu, waliokolewa na vidonge vya bei ndogo, kwa sababu mtu alijishughulisha kuhesabu. Kwa hiyo anayeanza dawa, na anayerudi baada ya kuziacha, aulize: hesabu yangu ya CD4 ni ngapi? Asipoambiwa, aulize tena.

Kwa yule anayeendelea na dawa, kipimo cha kutazamwa zaidi ni wingi wa virusi. Ufa ukizibwa hata virusi visionekane, CD4 hujitunza zenyewe, na tena mtu huyo hawezi kumwambukiza mwenziwe kwa kujamiiana. Hili limethibitishwa kwa maelfu ya watu waliooana au wanaoishi pamoja, nasi twalisema wazi kwa ajili ya akina mama na akina baba waliokuwa wakilala mbali mbali bure.

Limebaki neno moja la chama hasa. Tumeletewa malalamiko kwamba mahali pengine msimamizi humtaka mfanya kazi aonyeshe kadi ya kliniki, aone nambari, ndipo aamue kama atampandisha daraja au atamwondoa kwenye gari. Kwanza ni ujinga, kama mlivyosikia. Nambari ile haimwambii msimamizi kama mtu aweza kuendesha lori. Pili ni kinyume cha sheria. Sheria ya Kenya ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi yakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi au aendelee nayo, na yaficha habari zake za hospitali. Sheria ya Kazi ya 2007 yakataza kubaguliwa kazini kwa sababu ya virusi. Shirika la Kazi Duniani nalo lilisema hivyo hivyo katika Pendekezo lake nambari 200 la mwaka 2010. Liko baraza maalum la kusikiliza mashtaka ya namna hii. Mjumbe akiletewa jambo kama hilo asibishane na msimamizi karakana nzima ikisikia, maana kwa kufanya hivyo atakuwa ametangaza siri ya mwanachama. Aandike siku, saa, maneno yaliyosemwa na mashahidi, alete ofisini.

Kadhalika twawaomba wajumbe mnapokaa na waajiri juu ya mapatano mapya, siku za kliniki ziandikwe humo kuwa siku za ugonjwa zenye malipo. Ndugu yule wa 640 alikuwa akikatwa mshahara wa siku nzima kwa kwenda kuchukua dawa.

Baadaye yaliulizwa maswali, nasi twatia matatu.

Mama mmoja aliuliza: kama CD4 ni 900, si ndiyo kusema hana virusi? Sivyo. Hesabu hii haipimi kama virusi vipo au havipo. Aliyeambukizwa mwaka jana aweza kuwa na 900, na mwenye kifua kikuu asiye na virusi kabisa aweza kuwa na 300. Kujua kama vipo kuna kipimo chake, nacho huchukua muda wa kunywa chai.

Ndugu mwingine alisema amekunywa dawa miaka miwili, virusi havionekani, na bado CD4 ni 240. Je, dawa zimeshindwa? Hazikushindwa. Kwa kawaida hesabu hupanda kama 100 au 150 mwaka wa kwanza, halafu polepole. Lakini aliyeanza akiwa chini sana, au aliyeanza akiwa na umri mkubwa, wakati mwingine hukaa miaka mingi bila kufika 500. Maadamu virusi havionekani, aendelee na dawa zile zile na afuate ulinzi ambao daktari amempa.

Wa mwisho alikuwa mtu wa zamu ya usiku. Yeye hutoka kazini saa kumi na mbili asubuhi akaenda moja kwa moja kutoa damu, na mwezi mwingine hulala kwanza akaenda alasiri, na nambari zake hazifanani. Tulimjibu kwamba achague saa moja na aishike hiyo hiyo kila mara, na amwambie mtu wa maabara kwamba ametoka zamu ya usiku, ili iandikwe kwenye karatasi kando ya nambari.